Tope jeusi na bakteria wake: maswali yenu

*Naokota chaza kwenye mikoko ya Mikindani. Tope likinuka yai viza, ndiyo sumu imeingia?*

Hapana, dada. Harufu hiyo inaonyesha kuwa chini hakuna oksijeni. Bakteria wa humo hutumia salfati ya maji ya bahari, wakatoa gesi yenye harufu hiyo. Tope la mikoko ndivyo lilivyo.

*Nasikia kuna bakteria wa tope wanaokula sumu zenye klorini mtoni. Kweli? (Lindi)*

Hawazili, wanazipumua, na hilo hunistaajabisha kila nikilifikiria. Bakteria waitwao Dehalococcoides, waliotangazwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1997, huitumia sumu yenyewe pale sisi tunapotumia oksijeni. Wananyofoa klorini mojamoja na kupachika haidrojeni. Tetrakloroetheni, dawa ya kusafishia suti bila maji, ina klorini 4. Zikitoka zote inabaki ethilini, gesi ileile inayotoka kwenye embe linaloiva.

Hatari iko njiani. Ikibaki klorini 1, hiyo ni vinili kloridi, inayoleta saratani. Kazi ikikwama hapo, tumepata kibaya kuliko cha mwanzo. Ndiyo maana wataalamu huwapelekea molasi au mafuta ya mimea, ili vichachuke huko chini na kutoa haidrojeni wanayoihitaji bakteria hao. Oksijeni huwaua.

Tena wana mipaka. Viwanda vya General Electric vilimwaga PCB, kemikali zenye klorini zilizotumika kwenye vifaa vya umeme, katika mto Hudson, Marekani, hadi 1977. Bakteria wa tope walizipunguza klorini bila kuzimaliza, na kati ya 2009 na 2015 ikabidi tope lichimbuliwe kwa mitambo.

*Je, watamaliza salfa ya mikorosho inayosombwa na mvua hadi Ruvuma? (Tandahimba)*

Salfa haina klorini. Si kazi yao.

*Nimepaka mbao mafuta ya transfoma kuukuu kuzuia mchwa. Yaliyobaki nimwage mtoni, bakteria wayamalize? (Mtwara)*

Usimwage, kaka, nakusihi. Transfoma za zamani huenda zikawa na PCB zilezile za Hudson, na hizo huingia kwenye mafuta ya samaki tunaokula. Usiyachome pia, moto wa kawaida huzaa sumu kali zaidi. Yafunge kwenye dumu, liweke mbali na watoto, kisha waulize NEMC, wasimamizi wa mazingira wa serikali, pa kulipeleka. Na zile mbao ulizokwisha kupaka, zikichakaa, usizifanye kuni.