Ukifundisha utumwa na katiba ya Marekani, anza na hesabu

Walimu wenzangu, mimi nafundisha historia sekondari huku Marekani na darasa langu mchanganyiko, kuna weusi wa hapa hapa, kuna weupe, kuna watoto wa Kikongo waliokuja na wazazi wao kama wakimbizi, sasa hii mada ukiigusa vibaya darasa linagawanyika. Usianze na hotuba kwamba utumwa ulikuwa mbaya, hilo wanalijua. Printi katiba yenyewe ya 1787, gawa, waambie wawatafute watumwa. Neno hawalioni, waliotunga walilikwepa, ila watu wenyewe wamo: ibara ya 1 wamo kwenye hesabu ya wabunge na Congress (bunge la taifa) inakatazwa kuzuia uingizaji wao mpaka 1808, ibara ya 4 aliyetoroka lazima arudishwe.

Sasa ile tatu ya tano, yaani kila watumwa watano kuhesabiwa kama watu watatu kwenye kugawa viti vya bunge, ndo kaa nayo sana. Wanafunzi wengi wanaamini majimbo ya kusini, yenye watumwa wengi, ndo walitaka mtumwa ahesabiwe pungufu. Wapi! Kusini walitaka ahesabiwe mzima, kaskazini wengi hawakutaka ahesabiwe kabisa. Weka ubaoni jimbo la mfano, watu huru 300,000, watumwa 200,000. Kusini wanataka 500,000, wapinzani 300,000, mwafaka unatoa 420,000. Halafu uliza, hao 120,000 walioongezeka wanampigia nani kura? Hawapigi, viti vyao wanavikalia wanaowamiliki, na kura za jimbo za kumchagua rais nazo zinafuata idadi ya wabunge kwahiyo faida inaingia mara mbili. Mtoto aliyekuwa anasinzia anaamka hapo.

Igizo la mnada wa watumwa hapana jamani, hata likipendekezwa kwenye vitabu, mtoto wa mtu hajaja shule kuuzwa. Wakitaka kuigiza wape ugomvi wa Garrison na Douglass, wote wawili wapinga utumwa. Garrison alichoma nakala ya katiba hadharani 4 Julai 1854 akiiita mkataba na kifo na makubaliano na jehanamu, Douglass aliyetoroka utumwani Maryland alianza upande wake akaja kubadilika, akasema katiba ikisomwa vizuri ni silaha dhidi ya utumwa. Wagawe makundi mawili, kila kundi lijitetee kwa vifungu tu, kelele bila kifungu haina maksi.

Marekebisho ya 13 ya katiba, ya 1865, yaachie kipindi chake peke yake, usiyabane dakika za mwisho, maana yanafuta utumwa "isipokuwa" kama adhabu ya kosa, na wakifika hapo wataanza kuuliza kuhusu magereza ya leo.