Kufungiwa barafuni: maswali ya wasomaji

SWALI: Tonya Harding wa Marekani alifungiwa maisha kuteleza barafuni mwaka 1994. Kama kosa lilikuwa zito kiasi hicho, mbona kwanza aliachwa ashiriki Olimpiki? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kalenda ndiyo iliyomwokoa, ndugu. Mpinzani wake, Nancy Kerrigan, alipigwa rungu mguuni mjini Detroit tarehe 6 Januari, katika shambulio lililopangwa na watu wa karibu na Harding, na siku mbili baadaye Harding akatwaa ubingwa wa Marekani. Tarehe 5 Februari jopo la shirikisho lao la kuteleza barafuni lilisema kuna sababu za kumshtaki, lakini kanuni zilimpa siku 30 za kujibu. Piga hesabu: siku hizo zinaangukia Machi, na Olimpiki ya Lillehammer ilifungwa 27 Februari. Kamati ya Olimpiki ya Marekani ikataka kumsikiliza mapema; Harding akakimbilia mahakamani, wakaishia kupatana: yeye aondoe kesi, wao waachane na kikao.

Akateleza. Kamba ya kiatu ikamsumbua, akapandisha mguu mezani kwa waamuzi huku analia ili wajionee, wakamruhusu arudie baadaye. Alimaliza wa 8. Kerrigan alipata medali ya fedha.

Tarehe 16 Machi Harding alikiri mahakamani kosa moja tu, la kula njama ya kukwamisha mashtaka. Jela hakwenda: alipewa miaka 3 ya uangalizi, saa 500 za kazi za jamii na faini ya dola 100,000, na akajiuzulu uanachama wa shirikisho. Waliodhani mambo yameishia hapo walikosea. Jopo la nidhamu lilikaa Colorado Springs tarehe 29 na 30 Juni, bila yeye kuhudhuria, likampokonya ubingwa na kumfungia maisha. Mahakama ya jinai hudai ushahidi usioacha shaka. Jopo lilihitaji tu ushahidi unaoelemea upande mmoja, na likaridhika kwamba alijua mpango kabla ya tukio. Ubingwa wa mwaka ule uliachwa wazi. Hata Michelle Kwan, aliyekuwa wa pili akiwa na miaka 13, hakupewa.

SWALI: Aliyefungiwa maisha haruhusiwi hata kukanyaga barafu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Anaruhusiwa, akilipa kiingilio kama mtu mwingine yeyote. Shirikisho lina mamlaka juu ya mashindano yake na wanachama wake. Harding alizuiwa kushindana na kufundisha chini ya shirikisho hilo, basi. Maonyesho ya kulipwa hayakuwemo, na kwa watelezaji wengi huko ndiko pesa iliko baada ya Olimpiki. Tatizo ni kwamba waandaaji nao hawakumtaka, na hakuna rufaa dhidi ya mtu asiyekupigia simu. Alionekana kwenye shindano moja la kulipwa mwaka 1999, akawa wa pili, na mwaka 2003 akaingia ulingoni kupigana ngumi za kulipwa. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza wa Marekani kutua mruko wa axel wa mizunguko mitatu na nusu mashindanoni, mwaka 1991. Mruko wa namna hiyo hauwekwi akiba. Usipourudia kila wiki, unakukimbia.

SWALI: Kamila Valieva, mtelezaji wa Urusi, alikuwa na miaka 15 alipokutwa na dawa iliyokatazwa. Kufungiwa miaka minne si ukatili? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Umri ulimsaidia mwanzoni tu. Sampuli ilichukuliwa 25 Desemba 2021, na maabara ya Stockholm ikatoa majibu 8 Februari 2022, siku moja baada ya timu yake kushinda kwenye Olimpiki ya Beijing. Ilikuwa na trimetazidini, dawa ya moyo. Alisimamishwa, akafunguliwa kesho yake, na mahakama ya michezo ya CAS ikamwacha aendelee: alikuwa chini ya miaka 16, na kuchelewa kwa majibu hakukuwa kosa lake. Katika shindano la mmoja mmoja alianguka mara kadhaa, akawa wa nne.

Januari 2024 CAS iliamua shauri lenyewe. Valieva hakuweza kuthibitisha kwamba dawa iliingia mwilini bila kukusudia, na kwenye suala la kukusudia mtoto hupimwa kama mtu mzima. Miaka 4 ilihesabiwa tangu siku ya sampuli, na matokeo yake yote tangu siku hiyo yakafutwa. Hapo ndipo wenzake walipoumia: timu ilishuka hadi shaba, Marekani ikapata dhahabu na Japani fedha, medali walizovishwa Paris Agosti 2024. Kwa adhabu ya dawa ya miaka minne huruhusiwi hata kufanya mazoezi na klabu, isipokuwa miezi 2 ya mwisho.

SWALI: Binti yangu, miaka 14, amepata barua ya kusimamishwa na klabu kwa ugomvi wa chumba cha kubadilishia nguo. Nianzie wapi? (Mama, Minnesota)

JIBU: Anza na tarehe, mama. Weka barua yenyewe, maana siku za rufaa mara nyingi huhesabiwa tangu ulipoipokea. Tafuta ndani yake kanuni gani imevunjwa, kama ni kusimamishwa kwa muda au uamuzi wa mwisho, na mwisho wa kujibu ni lini. Kama havimo, uliza kwa maandishi, pamoja na hili: marufuku inagusa mashindano peke yake, au na masomo na saa za barafu?

Asimtafute mlalamikaji, na asifute ujumbe hata mmoja wa simu. Kufuta husomeka kama kuficha. Asijiandikishe kushindana kupitia klabu nyingine, hiyo inazaa shauri la pili. Na kama kuna tuhuma za unyanyasaji wa kingono, klabu haina uwezo wa kuyamaliza kifamilia: Marekani hayo huenda SafeSport, chombo cha kushughulikia unyanyasaji michezoni kilichoanza kazi 2017.

Maelezo yake yawe ukurasa mmoja: nani alikuwepo, saa ngapi, alisema nini. Ayaandike kwa maneno yake. Lugha ya wakili kinywani mwa mtoto wa miaka 14 haimwaminishi mtu.