Je, Vitu Alivyoniachia Bibi Vina Pepo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana, akaniachia sanduku lenye kanga zake, shanga, mbuzi ya kukunia nazi na hirizi moja iliyoshonwa kwa kitambaa cheusi. Mtumishi mmoja aliyekuja kutuombea alisema kwamba vyote vina maagano na mapepo, kwa hiyo vichomwe moto. Mama mdogo amekasirika, anasema kuchoma vitu vya marehemu ni kumtukana. Tangu siku hiyo silali. Je, pepo anaweza kukaa ndani ya kitu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Pole kwa msiba, dada yangu, na pole kwa hofu uliyotwishwa juu ya msiba huo.

Katika Injili tunawaona pepo wakiwaingia watu, na safari moja wakawaingia nguruwe wapatao 2,000 (Marko 5:13), lakini hatumwoni Yesu hata mara moja akimtoa pepo katika chungu, nguo au kigoda. Wakristo wa Korintho walisumbuliwa na swali linalofanana na lako, kwa sababu nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu iliweza kufika hadi sokoni. Mtume Paulo aliwaambia kwamba sanamu si kitu, kwamba kushiriki ibada yake ni kushirikiana na mashetani, na kwamba nyama iuzwayo sokoni waile bila kuuliza-uliza (1 Wakorintho 8:4, 10:20-25). Kwa maneno mengine, tatizo lilikuwa ibada, wala halikuwa limejificha ndani ya nyama.

Wanaotaka kuchoma kila kitu hupenda kumtaja Akani, aliyeangamia kwa kuchukua vitu vya Yeriko vilivyowekwa wakfu. Lakini sura moja kabla ya hapo tunasoma kwamba fedha, dhahabu na vyombo vya shaba na chuma vya mji uleule vilitiwa katika hazina ya nyumba ya Bwana (Yoshua 6:24). Kama vyombo hivyo vingekuwa makao ya pepo, visingepelekwa huko. Akani aliiba alichokatazwa, na hilo ndilo kosa lake.

Hirizi nayo ni jambo jingine, na hapa sitakubembeleza. Kitu hicho kilitengenezwa kwa kusudi moja tu, kwamba anayekivaa akitegemee kimlinde. Waamini wa Efeso walipoungama, walivileta wenyewe vitabu vyao vya uganga na kuvichoma, ijapokuwa thamani yake ilifika vipande 50,000 vya fedha (Matendo 19:19). Katekisimu ya Kanisa Katoliki pia, katika aya ya 2117, inalaumu uvaaji wa hirizi. Niliwahi kuifungua moja baada ya mwenyewe kuniomba: ndani mlikuwa na kipande cha mzizi kilichokauka na unga mweusi, basi. Tuliichoma nyuma ya nyumba kwa sababu yeye alikuwa ameitegemea kwa miaka mingi, na alihitaji kuiona ikiisha.

Jambo moja linaniumiza zaidi. Wapo wanaoichoma hirizi asubuhi, kisha jioni wakanunua chupa ya mafuta ya upako ili waitundike mlangoni, wakiamini kwamba bila chupa ile nyumba haina ulinzi. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande (2 Wafalme 18:4).

Kwa hiyo ichome hirizi ukiwa na mchungaji wako au mtu wa imani unayemwamini, umwombe Mungu, na usiogope majivu yake. Shanga ni pambo alilolivaa bibi yako. Kama hukuwahi kusikia kwamba alizipewa na mganga, zihifadhi. Kanga zifue uzivae. Ile mbuzi, ambayo bila shaka meno yake yamelika kwa nazi za miaka mingi, ioshe na uitumie, na siku utakayopika wali wa nazi umwalike mama mdogo aje mle pamoja.