Windows 7 iliyowekwa upya kukataa masasisho
Kompyuta uliyoiwekea Windows 7 upya inakataa masasisho yamkini kwa sababu haitambui sahihi ya kidijitali ya SHA-2 (alama ya kuthibitisha kwamba faili ni halisi na halijachezewa), ambayo tangu mwaka 2019 Microsoft iliitumia peke yake kwa masasisho ya mfumo huo. Hakikisha kwanza kwamba Service Pack 1 (kifurushi kikubwa cha marekebisho ya Windows 7) imo, kwani bila hiyo hakuna kitakachoendelea; kisha pakua kutoka katika katalogi ya masasisho ya Microsoft faili la KB4490628 (KB na tarakimu zake ni namba ya sasisho), uliweke, na baada yake KB4474419 linaloiwezesha Windows kuitambua sahihi hiyo, ukichagua la biti 32 au 64 kulingana na mfumo ulio nao, jambo ambalo wengi hulisahau na kuishia kulilaumu faili lenyewe. Zima na uwashe kompyuta, ndipo ujaribu masasisho mengine. Ukitaka kufupisha kazi, KB3125574 limekusanya marekebisho mengi yaliyotolewa hadi Aprili 2016, ila ni lazima KB3020369 litangulie. Nakili nyaraka zako mahali pengine kabla ya kuanza. Masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mimi nisingeitumia kompyuta hiyo kwa shughuli za benki hata baada ya kuyaweka yote haya.