Mwandikie anayeapdeti: niliyojifunza kwenye kutangaza matoleo mapya

Wadogo zangu mnaoanza kutunza programu huria, leo naomba niongelee kitu ambacho mimi hakuna aliyenifundisha, nikaja kukijua baada ya kumuumiza mtu. Msimbo mnaandika, majaribio mnaandika, Git (zana ya kutunza historia ya msimbo) mnaijua kuliko nilivyoijua mi naanza. Ila siku ya kutoa toleo jipya unakuta mtu kaandika mstari mmoja, "marekebisho mbalimbali na maboresho ya kasi", kabonyeza, kaenda kulala, na huku kuna watu kibao kazi zao zimekaa juu ya hiyo pakeji.

Niwape ya kwangu. Nilikuwa natunza laibrari ndogo, yaani msimbo ambao wengine wanauchomeka kwenye programu zao, ya kusoma mafaili ya CSV (majedwali ya maandishi matupu), na ndani yake kulikuwa na fanksheni ya kugeuza maandishi kuwa tarehe. Zamani ikikuta 03/04 ilikuwa inasoma tarehe 3 mwezi wa 4. Nikaigeuza, mwezi ukawa unatangulia, kwa sababu tu nilitaka ifanane na laibrari nyingine niliyokuwa naitumia. Kwenye maelezo ya toleo nikaandika "refakta ya moduli ya tarehe", yaani nimepanga upya msimbo wa ndani. Majaribio yakapita yote, si nilikuwa nimeyabadilisha na yenyewe. Wiki tatu mbele mtu akafungua isyu (ripoti ya tatizo kwenye ukurasa wa mradi), ripoti zake zote tangu aapdeti zina tarehe zilizogeuka, na programu haikulalamika hata mara moja maana 03/04 ni tarehe halali ukiisoma huku au ukiisoma kule. Safu zenye siku ya 13 na kuendelea ndo zilikuwa zinagoma, ila yeye alikuwa ameweka safu mbovu zirukwe, kwa hiyo zikawa zinapotea kimya kimya. Hakunitukana. Aliuliza swali moja tu, hili liliandikwa wapi? Nikarudi kusoma nilichoandika na kiukweli halikuwepo popote. Sikulala vizuri siku ile.

Neno "refakta" lilikuwa la kweli kabisa, ndo kazi niliyoifanya. Tatizo ni kwamba nilielezea kazi yangu mimi, wakati yeye alikuwa anahitaji kujua kitakachotokea kwake. Leo ningeandika hivi: "Fanksheni soma_tarehe sasa inaanza na mwezi badala ya siku. Kama mafaili yako yanaanza na siku, weka siku_kwanza=True, usipoweka tarehe zako zitageuka bila kosa lolote kuonekana." Sentensi mbili, dakika mbili za kuandika, na yule mtu asingepoteza kazi ya wiki tatu.

Tangu hapo kila mstari ninaouandika najiuliza huyu anayesoma ni nani, je badiliko hili linamgusa, ataona nini kwenye kompyuta yake, na afanye nini. Kama halimgusi mtumiaji yeyote basi halina haja ya kukaa pale juu. Kwa mantiki hiyo hiyo msimwage ujumbe wa komiti (badiliko moja moja lililohifadhiwa kwenye Git) zote mkaita hayo ndo maelezo ya toleo, maana komiti 80 za "rekebisha taipo" na "jaribu tena" zinafunika ile moja ambayo mtu alitakiwa aione. Komiti unamwandikia mwenzako mnayejenga naye. Maelezo ya toleo unamwandikia mtu ambaye hajawahi kufungua msimbo wako na hana mpango huo.

Kuhusu mpangilio msihangaike kubuni wa kwenu. Kuna utaratibu unaitwa Keep a Changelog, unagawa mabadiliko mafungu sita: yaliyoongezwa, yaliyobadilika, yanayokaribia kuondolewa, yaliyoondolewa, yaliyorekebishwa, na ya usalama. Toleo jipya linakaa juu, kila toleo na tarehe yake, na pale juu kabisa panakuwa na sehemu ya mambo ambayo bado hayajatolewa. Hiyo sehemu ya juu ndo imeniokoa mimi, maana unaandika mstari siku ileile unayobadilisha msimbo, kichwa bado cha moto, unakumbuka kwanini ulifanya. Ukisubiri mpaka siku ya kutoa toleo unajikuta unasoma komiti za miezi minne nyuma unajaribu kukisia ulikuwa unawaza nini. Mkiwa wengi kwenye repo (ghala la msimbo wa mradi) mtagombana kila siku kwenye faili moja, hapo kuna zana kama towncrier, kila mtu anaandika kifaili chake kidogo halafu vinaunganishwa siku ya kutoa.

Namba za toleo nazo zinaongea. Kwa utaratibu wa SemVer, wa namba tatu kama 2.3.1, namba ya kwanza ikipanda unamwambia mtu kuna kitu kitavunjika, ya katikati umeongeza kitu bila kuvunja, ya mwisho umerekebisha bagi, na namba ya kwanza ikiwa bado 0 lolote linaweza kubadilika. Sasa wengi wanadhani kuvunja ni kufuta fanksheni. Kufuta ni afadhali, programu inagoma palepale mtu anajua. Kinachoumiza ni pale jina limebaki, parameta zimebaki, jibu limebadilika. Mabadiliko ya namna hiyo yapewe namba ya kwanza na yakae mstari wa juu kabisa, hata kama kwenye msimbo ulibadilisha neno moja. Na msitegemee namba peke yake, mtu kuona 3 imekuwa 4 kunamwambia awe makini, hakumwambii awe makini na kipi.

Mfano mzuri ninaopenda kuwaonyesha watu ni Git wenyewe. Zamani ukiandika git push, amri ya kupeleka msimbo kwenye seva, bila kutaja kitu ilikuwa inasukuma matawi (njia sambamba za kazi) yote yenye majina yanayofanana kule kwenye seva, watu wakawa wanasukuma vitu ambavyo hawakukusudia. Wakaamua kuanzia Git 2.0, iliyotoka 2014, isukume tawi ulilopo tu. Ila kabla ya hapo, kwenye matoleo ya 1.8 na 1.9, kama hujachagua mwenyewe ulikuwa unaona onyo kwenye terminali kila unapo-push, linakwambia mpangilio unakuja kubadilika kwenye 2.0, na linakupa amri mbili tayari za kukopi, moja ya kubaki na tabia ya zamani na nyingine ya kuhamia mpya mapema. Angalieni lile onyo lilivyojaa: kitu gani, kuanzia toleo gani, nifanyeje nikitaka vilevile, nifanyeje nikitaka mpya. Na limemfuata mtu pale anapofanyia kazi, halikumsubiri aje asome maelezo. Tukubali tu, watu wengi hawasomi maelezo, wanaapdeti wakiwa na haraka, kwa hiyo tangazo la kwanza ni lile ambalo programu yenyewe inalitoa.

Hapo kwenye maonyo kuna mtego kwa wanaoandika Python. Ukitumia DeprecationWarning, onyo la kwamba kitu kinaelekea kuondolewa, kwa kawaida Python inaificha isipokuwa pale inapotokana na faili lenyewe mtu analoliendesha, kwa hiyo onyo likitokea ndani ya laibrari inayotumia laibrari yako mtu wa mwisho halioni. Kama onyo ni la mtumiaji wa kawaida tumieni FutureWarning, hiyo inaonekana. Na kwenye onyo andikeni jina la kitu kipya cha kutumia na toleo ambalo cha zamani kitaondoka, sio "itaondolewa siku zijazo", hizo siku zijazo hakuna anayezipanga kwenye kalenda yake.

Na muda mpeni mtu. Django (zana ya Python ya kujenga tovuti) kwa mfano kitu kikitangazwa kuwa kinaondoka, jina la onyo lenyewe linabeba namba ya toleo kitakapoondolewa, huna pa kukosea. Python 3 ilitoka Desemba 2008 na Python 2 ikaendelea kuhudumiwa mpaka 2020, mwanzoni walipanga 2015 wakasogeza. NumPy 2.0, laibrari ya Python ya hesabu, ilipotoka 2024 watu walikuta mwongozo wa kuhama, pamoja na kanuni kwenye Ruff, zana ya kukagua msimbo wa Python, inayokurekebishia sehemu kubwa ya majina yaliyobadilika. Sisi wenye vipakeji vidogo hatuna nguvu hizo, lakini jedwali la "zamani uliandika hivi, sasa andika hivi" kila mtu anaweza, na mi naliona lina thamani kuliko aya tano za kueleza kwanini umeamua kubadilisha. Sababu iwekeni, sentensi moja inatosha.

La usalama msiliandike kwa kujificha. Naelewa aibu yake, nimewahi kuandika "maboresho madogo" kwenye kitu kilichokuwa tundu kabisa, na nilikosea, maana aliyesoma aliona hakuna haraka ya kuapdeti. Desemba 2021 lile tundu la Log4j, laibrari ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, lilipojulikana, 2.15.0 ikatoka, ikaonekana haijaziba vizuri, ikaja 2.16.0, na 2.17.0 ikafuata, zote ndani ya mwezi huohuo. Mtu anayehangaika usiku na seva 40 hana muda wa kusoma historia, anataka ajue toleo nililonalo limo au halimo, nipande mpaka toleo lipi, na kama siwezi kupanda leo nifanye nini kwa sasa. Kwa Log4j lile swali la tatu lilikuwa na jibu, unaondoa klasi (kipande cha msimbo) ya JndiLookup ndani ya faili la jar, kifurushi cha programu ya Java. Jibu kama hilo liandikeni juu kabisa kama lipo.

Na ukigundua umetoa toleo bovu, usijaribu kubadilisha mafaili kimya kimya chini ya namba ileile, PyPI na npm, maghala ya pakeji za Python na JavaScript, zenyewe hazikuruhusu. Toa namba mpya, na PyPI ina namna ya kuliweka lile bovu pembeni lisichukuliwe na wapya huku aliyelitaja kwa namba kamili bado akilipata, unaandika na sababu. Halafu rudi kwenye maelezo ya lile bovu uongeze mstari juu, "usitumie hili, nenda 2.3.1", kwa sababu kuna mtu atafika pale kupitia linki ya zamani.

Siku mbili tatu baada ya kutoa toleo kaeni karibu na isyu. Maswali yatakayokuja ndo yanakuonyesha mlipoandika vibaya, watu wawili wakiuliza kitu kimoja basi jibu usiliache kwenye isyu, lipeleke kwenye maelezo ya toleo siku ileile. Yule wa tarehe nilimwomba asome rasimu ya maelezo ya toleo lililofuata kabla sijalitoa, akakubali, akanirudishia mistari minne aliyosema haielewi. Nikaiandika upya yote minne.