Viroboto na sungura mwenye mimba

Pole ndugu wa Nkuhungu, hapa Dodoma, kwa viroboto waliomwingia sungura wako mwenye mimba. Uliyosikia, kwamba homoni za sungura mwenye mimba hukomaza mayai ya kiroboto, ni kweli kwa kiroboto wa sungura wa Ulaya: mayai hukomaa siku kama 10 za mwisho wa mimba, kisha kiroboto huhamia kwa vitoto na kutaga kiotani. Kiroboto wako nadhani ni yule wa paka. Huyo hutaga akishapata damu tu, mimba iwepo isiwepo.

Chana manyoya juu ya karatasi nyeupe iliyoloa. Punje nyeusi zikitoa wekundu wa damu, ni kinyesi chake (usichanganye na vumbi letu la Dodoma). Choma nyasi za kulalia, mtibu sungura, na paka pia kama yupo. Dawa ya viroboto yenye kemikali ya fipronili usimpake sungura, inaweza kumuua. Muulize kwanza daktari wa mifugo.