Muulize mgonjwa ameacha kula nini: kwa wanaoanza kazi ya meno ya kupandikiza

Mgonjwa wa kwanza mtakayempima kwa ajili ya meno ya bandia yanayoshikiliwa na vipandikizi, yaani mizizi ya bandia ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya, huenda asiulize lolote kuhusu titani. Atauliza bei, kisha atauliza kama ataweza tena kula mahindi ya kuchoma. Katika miaka yangu ya kazi hapa Kampala nimejifunza kulipa swali hilo la pili uzito uleule ninaoipa picha ya eksirei, kwa sababu nguvu ya kung'ata na uwezo wa kutafuna ni mambo yanayohusiana bila kuwa kitu kimoja, na anayeanza kazi hushawishika kupima la kwanza na kulisahau la pili.

Mtu mwenye meno yake yote huweza kung'ata kwa magego kwa nguvu ya nyutoni mia kadhaa, ilhali anayevaa seti kamili ya meno ya bandia yanayokalia fizi tupu mara nyingi hubakiwa na robo ya nguvu hiyo, au hata moja ya tano. Misuli ya taya hudhoofika baada ya miaka mingi bila meno, ni kweli, lakini pia fizi huuma na meno ya chini huteleza, hivyo mtu hujizuia mwenyewe asibane. Ndiyo maana vipandikizi viwili tu, vikiwekwa mbele kwenye taya la chini na kutiwa vishikizo vya kubania meno ya bandia, huleta tofauti kubwa. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walipendekeza kwamba hilo liwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na jino hata moja.

Mama mmoja aliporudi miezi mitatu baada ya kuwekewa meno ya namna hiyo, nilimuuliza kama anakula vizuri, akajibu, "Vizuri kabisa, daktari, namshukuru Mungu." Nilikuwa nimeanza kuliandika neno hilo kwenye faili yake nilipofikiri kumuuliza anakula chakula gani. Ilikuwa matoke na mchuzi wa karanga, na uji asubuhi. Vyakula hivyo havihitaji magego. Nikampa karanga tano za kukaanga, nikamwomba atafune mara 20 kisha ateme kwenye kipande cha shashi. Tatu zilikuwa zimepasuka vipande viwili tu, na nilimwona akizisukuma zote upande wa kulia kwa ulimi, kwa kuwa meno ya bandia ya kushoto hayakuwa yakikutana na ya juu. Niliyasawazisha siku hiyohiyo. Watafiti nao hupima hivyo, wakichuja karanga zilizotafunwa kwa vichujio vya matundu ya ukubwa mbalimbali, au wakimpa mtu ubani wa kutafuna (chingamu) wa rangi mbili na kuangalia rangi zimechanganyika kiasi gani. Sisi karanga tunazo katika kila soko, kwa hiyo hatuna udhuru.

Jambo la pili lilinigharimu zaidi. Tangu Per-Ingvar Brånemark alipogundua nchini Uswidi, mwaka 1952, kwamba titani hushikamana na mfupa wa sungura, tumefaidika na ushikamano huo, lakini ushikamano huohuo unamaanisha kwamba kipandikizi hakina ule utando unaozunguka mzizi wa jino la asili. Utando huo huliwezesha jino kuzama kidogo linapobanwa, makumi ya mikromita (sehemu za elfu za milimita), ilhali kipandikizi husogea mikromita chache tu. Tena ndio unaomjulisha mtu kwamba amebana kupita kiasi. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nililifunga gego la kauri juu ya kipandikizi, nikamwambia mgonjwa abane taratibu, nikaona alama za karatasi ya rangi, inayoonyesha meno yanapogusana, ziko sawa, nikamruhusu aende. Baada ya miezi minne alirudi skurubu ikiwa imelegea na pembe ya kauri imebanduka. Alipobana kwa nguvu, meno jirani yalizama na gego langu likabaki limesimama peke yake kuubeba mzigo wote, naye hakuhisi chochote. Tumieni karatasi nyembamba ya chuma ya mikromita 8: mgonjwa akibana taratibu, ivutike na kutoka, akibana kwa nguvu, ishikwe.

Kwa sababu hiyohiyo ya mzigo, wanaosaga meno usiku wachunguzwe kabla ya upasuaji, na meno ya bandia yasirefushwe sana nyuma ya kipandikizi cha mwisho.

Tena mwonyeni mgonjwa mapema kuhusu taya la juu. Taya la chini likishapata vipandikizi, meno ya bandia ya juu ambayo hakuwahi kuyalalamikia huanza kuonekana ndiyo yanayolegea, na asipokuwa ameambiwa ataamini kwamba ninyi mmeyaharibu.